Umekwama Kwenye Advanced Squad Leader? Dalili, Vyanzo na Namna ya Kujikwamua

Advanced Squad Leader ni mchezo wa vita wa mezani unaoigiza mapigano ya vikosi vidogo katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ulitolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1985 chini ya uongozi wa Don Greenwood, ukiwa umekuzwa kutoka Squad Leader ya John Hill ya mwaka 1977, na siku hizi unachapishwa na Multi-Man Publishing ya Marekani. Ramani yake imegawanywa katika pembesita, kila moja ikiwa na upana wa takriban mita 40, na zamu moja ni sawa na kama dakika mbili za mapigano. Kete moja ya seksheni huwakilisha askari wapatao kumi, na takwimu tatu zilizochapwa juu yake, kwa mfano 4-6-7 ya Mjerumani, ni nguvu ya silaha, masafa na ari.

Hapa Arusha na Moshi, wanaovutwa na mchezo huu mara nyingi huingia kwa mlango wa historia. Wapo ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles na walikwenda Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944. Wengine wamecheza bao au sataranji kwa miaka mingi na wanatafuta kitu kizito zaidi. Wengi wao huacha mapema, na kwa maoni yangu hawashindwi na ugumu wa kanuni. Hushindwa kwa sababu wamekosea mpangilio: wamesoma kabla ya kucheza, na wametafuta mpinzani kabla ya kuamua watacheza kwa njia gani na saa ngapi. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini lina mzizi wake katika mojawapo ya mambo hayo mawili.

"Nimesoma kitabu cha kanuni mara kadhaa na bado siwezi kuanza"

Chanzo cha kawaida ni kuanza na kitabu kikubwa. Kanuni kamili za mchezo huu zimewekwa katika jalada la kurasa mamia, nazo zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayetafuta jibu la swali fulani katikati ya mchezo, kama wakili anavyofungua sheria kutafuta kifungu. Hazikuandikwa ili zisomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anayejaribu kuzisoma hivyo hufika kwenye kanuni za theluji na boti za mpira kabla hajawahi kurusha dadu hata mara moja.

Anza na Starter Kit ya kwanza, yaani sanduku la wanaoanza, iliyotoka mwaka 2004. Ina askari wa miguu pekee na kijitabu chembamba cha kanuni. Ya pili iliongeza mizinga, na vifaru vikaja katika ya tatu. Pambano la kwanza katika lile sanduku la kwanza, linalohusu kijiji cha Vierville huko Normandy mwezi Juni 1944, linatosha kukufundisha mambo mengi utakayoyatumia baadaye. Panga kete mezani, fungua kijitabu kwenye orodha ya hatua za zamu, kisha cheza pande zote mbili peke yako bila kujali nani anashinda. Zamu ina hatua nane: kurejesha ari, kufyatua kwa maandalizi, mwendo, kufyatua kwa mlinzi, kufyatua kwa wanaosonga, kukimbia kwa waliovunjika (yaani waliopoteza ari), kusogea pembesita moja, na mapigano ya ana kwa ana. Ukizipitia zote nane kwa zamu tatu, hata kwa makosa, utakuwa umejifunza zaidi ya yale ambayo wiki nzima ya kusoma ingekupa.

Watu wa bao wanalielewa jambo hili bila kuelezwa. Hakuna aliyejifunza namua na mtaji kwa kusoma. Alikaa pembeni, akatazama mikono ya wakubwa, akaruhusiwa kucheza, akasahihishwa palepale. Mchezo huu nao unataka hivyo hivyo, na kitabu kazi yake ni kukusahihisha.

"Kila ninaposogea, seksheni zangu zinavunjika"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine, na inastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mchezo wote.

Tuseme mchezaji wa Sakina, Arusha, anaongoza Wamarekani, na mchezaji wa Rau, Moshi, analinda kijiji kwa Wajerumani. Seksheni ya Kimarekani ya 6-6-6 inatoka msituni na kuvuka barabara iliyo wazi, pembesita tatu kutoka jengo la mawe lenye seksheni moja ya 4-6-7. Mlinzi hana haja ya kungoja zamu yake; katika mchezo huu anaruhusiwa kufyatua wakati adui yuko katikati ya mwendo. Umbali wa pembesita tatu uko ndani ya masafa yake ya sita, kwa hiyo nguvu yake ya 4 inabaki kamili. Kisha yanaingia mambo mawili ambayo mgeni huyasahau: anayesogea mahali pa wazi hupunguziwa 1 kwenye dadu za anayempiga, na anayesogea bila tahadhari ya shambulio hupunguziwa 1 nyingine. Dadu ndogo ndizo zinazoua, hivyo mlinzi akipata 7, matokeo yanasomwa kwenye mstari wa 5 wa jedwali la mapigo, katika safu ya nguvu 4.

Isitoshe, risasi zile haziishi pale. Nusu ya nguvu iliyotumika hubaki katika pembesita ile, na seksheni ya pili itakayokanyaga hapo hatua hiyohiyo itapigwa kwa nguvu ya 2 bila mlinzi kufanya lolote zaidi. Mgeni anayepitisha askari wake wote kwenye njia moja, mmoja baada ya mwingine, anawapitisha katika mvua ya risasi iliyobaki nyuma ya yule wa kwanza.

Sasa tazama upande wa pili. Yule Mmarekani akifika salama upande wa pili wa barabara, bado pembesita kadhaa kutoka jengoni, na kutaka kujibu mapigo katika hatua ya wanaosonga, nguvu yake ya 6 inakatwa nusu. Jengo la mawe linamwongezea mlinzi 3 kwenye dadu. Shambulio hilo karibu halina maana. Lakini seksheni mbili za Kimarekani zilizokaa pamoja msituni na kufyatua katika hatua ya maandalizi, zikiwa ndani ya masafa na kuongozwa na kiongozi mwenye -1 (anayepunguza 1 kwenye dadu), zingepiga kwa safu ya 12 na nyongeza ya 2 tu.

Kwa hiyo tiba ina sehemu tatu, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza wafyatue baadhi ya askari wako bila kusogea, ili mlinzi avunjike ari au alazimike kuinamisha kichwa. Pili, wanaosogea wapite msituni na nyuma ya majengo hata kama njia ni ndefu, kwa sababu msitu unamwongezea anayepigwa 1 na kumwondolea adhabu ya mahali pa wazi. Tatu, panapokuwa hapana budi kuvuka, vuka pembesita moja tu kwa mwendo wa shambulio, ambao unakuondolea ile adhabu ya pili, na uvuke kwa njia zaidi ya moja. Ukifika kando kabisa ya adui mambo yanageuka: nguvu ya anayefyatua pembesita jirani huzidishwa mara mbili, kwa hiyo hata ikikatwa nusu kwa sababu ya kusogea, haipungui.

"Askari wangu wakivunjika hawarudi tena vitani"

Chanzo hapa ni hesabu, si bahati. Dadu mbili zina matokeo 36. Seksheni yenye ari 7 inayojaribiwa bila nyongeza hufaulu ikipata 7 au chini, yaani mara 21 kati ya 36. Ikijaribiwa kwa nyongeza ya 1 hufaulu mara 15 tu. Tofauti ya namba moja ni kubwa kiasi hicho, na ndiyo maana kiongozi mwenye -1 ana thamani kuliko kete yoyote utakayomweka karibu naye.

Seksheni iliyovunjika na ambayo bado iko katika hali ya kukata tamaa huongezewa 4 inapojaribu kurejea. Mwenye ari 7 sasa anahitaji 3 au chini, yaani mara 3 kati ya 36. Hata akiwa ndani ya jengo, linalompa punguzo la 1, pamoja na kiongozi mwenye -1, anafika mara 10 kati ya 36. Lakini hali ile ikiondoka, akiwa na kiongozi yuleyule katika jengo lilelile, anarejea mara 30 kati ya 36. Kwa hiyo wapeleke waliovunjika mahali ambapo adui hawaoni na hawezi kuwafyatulia tena, kisha mpeleke kiongozi kwao, na uwe na subira ya zamu moja. Mchezaji anayewaacha karibu na mstari wa mbele kwa matumaini ya kuwarudisha haraka humpa adui nafasi ya kuwaweka katika kukata tamaa kila zamu.

Wale wanaolalamika kwamba dadu zinawachukia waangalie pia kanuni ya namba pacha: ukifyatua bila kiongozi na dadu zote mbili zikaonyesha namba inayofanana, shambulio lako linashuka safu moja ya jedwali la mapigo.

"Programu haifunguki, au inafunguka bila ramani"

Mchezo wa mtandaoni huendeshwa kwa VASSAL, programu huria ya bure iliyoandikwa kwa Java, pamoja na moduli ya VASL iliyotengenezwa mahususi kwa mchezo huu. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, lakini si kwenye simu janja, na hili limewakatisha tamaa vijana wengi waliokuwa na simu nzuri peke yake. Kompyuta mpakato ya kawaida, hata ya mtumba, inaweza.

Faili la moduli lina kiambishi cha .vmod. Baadhi ya vivinjari hulibadilisha kuwa .zip wakati wa kupakua, na mtu mwenye nia njema hulifungua na kutawanya yaliyomo kwenye folda, kisha hushangaa kwa nini halifanyi kazi. Usilitawanye hivyo, libadilishe jina lirudi kuwa .vmod na ulifungue kutoka ndani ya VASSAL. Ramani zikikosekana, hakikisha kwamba folda ya ramani imechaguliwa kwenye mipangilio na kwamba ulikuwa na intaneti ulipofungua pambano kwa mara ya kwanza. Ikiwa wewe na mpinzani wako mnaona vitu tofauti, linganisheni kwanza toleo la moduli kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kupakua kwa mara ya kwanza ndiko kunakokula bando. Mchezo wenyewe husafirisha amri ndogondogo tu na hutumia data kidogo. Simu ya sauti mnayoiweka pembeni ndiyo inayotumia zaidi. Kumbuka pia kwamba VASSAL haijui kanuni. Haitakuzuia kusogea kupita kiasi, wala haitakuambia umekosea. Hiyo ni kazi yenu wawili.

"Faili linafunguka lakini siwezi kuona kete zangu zilizofichwa"

VASSAL inakutambua kwa nywila uliyoweka kwenye mipangilio. Ukianza mchezo kwenye kompyuta ya nyumbani Njiro na kuuendeleza kwenye kompyuta ya ofisini yenye nywila nyingine, programu inakuona kuwa mtu mgeni na inakuficha kete zako mwenyewe. Rudisha nywila ileile uliyoanzia na kila kitu kitaonekana. Kwa sababu hiyohiyo, ndugu wawili wanaotumia kompyuta moja wasitumie nywila moja, maana kila mmoja ataona siri za mwenzake.

"Umeme ulikatika na mchezo wetu umepotea"

Seva hupitisha ujumbe tu, haihifadhi mchezo. Hali ya ubao iko kwenye kompyuta zenu, na zote mbili zikizimika kabla ya kuhifadhi, hakuna pa kuirudisha. Hifadhi mwisho wa kila hatua, si mwisho wa jioni. Mmoja wenu akitoka na kurudi, aingie chumba kilekile na kuchagua kulandanisha na mwenzake, naye atapokea ubao kama ulivyo.

"Natafuta mpinzani lakini hakuna anayejibu"

Ujumbe mwingi wa kutafuta mpinzani haujibiwi kwa sababu hausemi kitu. Mtu anaandika kwamba anataka kucheza na ni mgeni, basi. Anayesoma hajui mgeni huyo anamiliki nini, anataka pambano gani, anaweza saa ngapi, na kama atapotea baada ya zamu mbili. Wachezaji wa zamani, ambao kwa uzoefu wangu ni wakarimu kupita kiasi kwa wageni, wanaogopa jambo moja tu: kuanza pambano lisiloisha.

Kwa hiyo ujumbe wako, uwe unauweka katika chumba kikuu cha VASL au katika kundi la wachezaji, ueleze mambo haya kwa sentensi kamili: kwamba una Starter Kit ya kwanza na umeshacheza zamu kadhaa peke yako, pambano unalotaka kwa jina lake, kama unataka kucheza moja kwa moja au kwa barua pepe, siku na saa zako, na kwamba unaomba usahihishwe palepale unapokosea. Hilo la mwisho lina nguvu ya pekee, kwa sababu mwalimu hujitokeza kwa anayeomba kufundishwa. Omba pia kuketi kama mtazamaji kwenye mchezo wa wengine. Wengi hukubali, na kutazama jioni moja kutakuonyesha adabu za mchezo ambazo hazielezwi vizuri popote, kama ile ya kutopima mstari wa kuona kabla ya kutangaza kwamba unafyatua.

Wakati huohuo usidharau mpinzani wa karibu. Kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, na wachezaji wa sataranji na drafti wanaokutana vibarazani wamezoea kufikiri hatua kadhaa mbele. Mwonyeshe mmoja pambano dogo kwenye meza, bila kitabu, ukimweleza kanuni zinapojitokeza tu. Hakuna mpinzani bora kuliko yule mliyejifunza naye pamoja.

"Tulikubaliana saa, lakini mpinzani hakutokea"

Mara nyingi alitokea, ila kwa saa nyingine. Unapoandika saa mbili usiku, wewe unajua ni 20:00, lakini mgeni aliyeyatafsiri maneno yako ataelewa saa nane za usiku. Andika saa kwa mfumo wa 24 na uongeze kwamba Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa.

Kisha kuna mabadiliko ya saa ya wenzetu. Sisi hatusogezi saa, lakini Ulaya inasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati Marekani inaanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mpinzani wa Uingereza aliyezoea kuanza 19:00 kwake atakuwa nawe 21:00 wakati wa kiangazi chao na 22:00 wakati wa baridi. Wa New York anayependa jioni yake ya 20:00 atakukuta saa tisa au saa kumi za usiku wa manane, jambo lisilowezekana kwa mtu mwenye kazi asubuhi. Mwombe badala yake Jumamosi asubuhi yake ya 10:00, ambayo huku ni 17:00 au 18:00. Wa Sydney ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa jioni yake ya 20:00 ni saa sita au saa saba mchana kwetu, na mwisho wa juma unatosha.

"Mchezo wa barua pepe umekwama zamu ya kwanza"

Njia ya barua pepe inafaa sana mahali ambapo umeme na mtandao havitabiriki: unarekodi hatua zako kwenye faili la .vlog, unalituma, mwenzako analitazama hatua kwa hatua na kujibu kwa lake. Linapofika kwako bila kitu ndani, mara nyingi mwenzako amesahau kufunga rekodi kabla ya kutuma.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ule uwezo wa mlinzi kufyatua katikati ya mwendo. Mkisubiriana kwa kila pembesita, hatua moja ya mwendo inaweza kuchukua wiki nzima. Suluhisho ni maagizo ya kudumu. Kabla ya mwendo, mlinzi amwandikie mwenzake, kwa mfano: "Yeyote atakayevuka barabara mahali pa wazi ndani ya masafa yangu, seksheni ya jengo la mawe impige mara moja, kisha isubiri nijibu mwenyewe." Anayesogea anatekeleza maagizo hayo kwa uaminifu, anarusha dadu ndani ya programu ili matokeo yaonekane kwenye rekodi, na anasimama mahali ambapo maagizo yameisha. Kubalianeni pia tangu mwanzo ni siku ngapi kila mmoja anaruhusiwa kukaa na faili, na anayesafiri au kupata msiba aseme mapema, kwa sentensi moja tu, ili mwenzake asidhani ameachwa.